Sauti Yafika, Je, Somo Lafika?

Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ambao ni nyuzi za kioo zipitishazo mwanga, huingia Rwanda kupitia Rusumo na Burundi kupitia Kabanga. Sehemu zote mbili zimo katika Wilaya ya Ngara. Hivyo habari za nchi jirani hupita Ngara kwa kasi ipatayo kilometa 200,000 kwa sekunde, ilhali mwalimu wa sekondari aliye nyuma ya kilima, huko huko Ngara au katika Biharamulo jirani, pengine hulazimika kupanda mlimani na simu mkononi akitafuta mnara. Yeyote atakaye kuendesha warsha ya walimu kwa njia ya mtandao, hasa aliye mgeni katika kazi hiyo, yampasa alitafakari jambo hili kwanza.

Mimi sikulitafakari. Katika warsha yangu ya kwanza niliketi Dar es Salaam, nikazungumza na walimu wa sayansi wa wilaya hizo mbili kwa saa moja na nusu juu ya majaribio yasiyohitaji maabara, nikionyesha picha moja baada ya nyingine. Mwishoni niliuliza kama tumeelewana. Palikuwa kimya. Kisha wawili wakaandika "Ndiyo", nami nikafunga warsha nikiwa nimeridhika. Miezi kadhaa baadaye nilifika Ngara kwa shughuli nyingine, na mwalimu mmoja akanieleza kwa upole yaliyotokea upande wao. Walikuwa wanne wakitumia simu moja. Picha ziliganda dakika ya kumi, sauti ikawa ikija vipande vipande, na kifurushi kilipokwisha walichangishana fedha wakanunua kingine. Hawakutoka, kwa sababu waliona si adabu kumwacha mkubwa akizungumza peke yake. Heshima ile iliniuma kuliko lawama.

Tulipime kosa langu kwa hesabu. Video ya kawaida yaweza kuhitaji biti milioni moja kila sekunde. Zidisha kwa sekunde 3,600, gawanya kwa 8, nawe utapata megabaiti 450 kwa saa. Sauti peke yake husikika vema kwa biti 50,000 kwa sekunde, yaani megabaiti 22.5 kwa saa: sehemu moja ya ishirini. Basi fedha za walimu wale ziliishia katika picha na katika uso wangu, ambao, niseme kweli, hauna fizikia yoyote ndani yake.

Jambo la pili ni kuchelewa kwa sauti. Watu wazungumzapo ana kwa ana, nafasi kati ya mmoja kunyamaza na mwenziwe kuanza ni wastani wa sehemu mbili za kumi za sekunde. Mkongo hauna lawama hapa, kwani kilometa 1,500 za nyuzi zake huchukua chini ya sehemu moja ya mia ya sekunde. Kuchelewa hutokea katika mitambo, katika minara yenye foleni ya watumiaji, na zaidi pale mawasiliano yapitiapo setilaiti iliyo kilometa 36,000 juu ya ikweta: kupanda na kushuka ni robo ya sekunde, na swali pamoja na jibu lake ni nusu sekunde. Mkufunzi huuliza, husikia kimya, hudhani hakuna mwenye neno, huendelea. Papo hapo sauti ya mwalimu inafika na kugongana na yake. Mwalimu huomba radhi, hunyamaza, wala harudi tena. Mkufunzi mpya na ahesabu polepole hadi kumi kabla ya kuendelea, na akitaje kituo anachotaka kijibu.

Waliotutangulia katika elimu ya watu wazima walikuwa na chombo kigumu zaidi. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliendeshwa kwa redio kwa majuma 12, na ilikadiriwa kwamba watu wapatao milioni mbili walishiriki. Redio haina njia ya kujibu kabisa. Kwa hiyo jibu liliwekwa kijijini: kikundi kilisikiliza kipindi, kikasoma kitabu pamoja na kiongozi wake aliyefunzwa mapema, kikajadiliana, kisha kikaenda kuchimba choo. Viongozi wapatao 75,000 walifundishwa kwa ajili hiyo, na mtangazaji alikuwa sehemu ndogo tu ya kazi. Leo mpango wa mafunzo endelevu ya walimu kazini, MEWAKA, unajengwa juu ya jumuiya za ujifunzaji shuleni. Vikundi, basi, tunavyo. Ni sisi wakufunzi tusiotaka kuacha kuhutubia.

Warsha ya pili niliipanga kwa mfano huo. Siku tatu kabla nilituma ukurasa mmoja wa maelekezo, nikazungumza na kiongozi wa kila kikundi kwa simu ya kawaida. Vifaa vilikuwa jiwe, uzi wa meta moja na saa. Nilieleza kwa sauti tu, dakika kumi. Kisha wote wakakata mawasiliano kwa dakika ishirini, wakalining'iniza jiwe na kupima muda wa mabembeo 20. Sikuthubutu kusema "Anza!" mimi mwenyewe, kwa kuwa neno hilo lingefika kila kituo kwa wakati wake.

Kila kikundi kilituma nambari moja kwa ujumbe mfupi. Vingi vilituma sekunde 40 au karibu yake, kama inavyotakiwa. Kimoja kilituma 28: walikuwa wameukunja uzi mara mbili, ukawa nusu meta. Kingine kilituma 20, kwa kuwa walihesabu kwenda kuwa bembeo moja na kurudi kuwa jingine. Kama ningaliwauliza iwapo wameelewa, vikundi vyote viwili vingalijibu "Ndiyo", na wanafunzi wao wangalilipokea kosa hilo darasani.

Kikundi cha sekunde 20 kilirudia kupima, kikapata 40. Kisha kikatuma ujumbe ambao sikuuomba: walikuwa wamefunga jiwe jingine, zito mara mbili, na muda haukubadilika, je, kwa nini? Saa yetu ilikuwa imekwisha, kwa hiyo tuliliweka swali hilo kuwa somo la juma lililofuata.