Kinyonga yako ni wa kabila gani?

Huku Kivu, mutu akikuta kinyonga kwa njia, mara mingi anaruka nyuma. Wazee walituambia ana sumu, tena analeta mukosi. Sumu hana hata kidogo. Siku hizi kuko vijana wenye kumuokota na kumupeleka nyumbani, wamufuge kama vile paka. Kiisha juma mbili tatu, nyama anakufa, kijana anashangaa: «Lakini nilimupa panzi kila siku!» Kosa haikuwa kwa panzi. Hakujua amekamata nani.

Ndugu musomaji, anza na kichwa.

Ana pembe tatu? Kwetu huyo ni dume wa Trioceros johnstoni, kinyonga wa milima yetu ya mashariki, wa Ruwenzori, Rwanda na Burundi. Jike yake hana pembe. Wengi wanamuchanganya na kinyonga wa Jackson, mwenye pembe tatu naye. Lakini Jackson ni wa Kenya na Tanzania, mugongo wake uko na meno kama ya musumeno, tena jike anazaa watoto wazima. Wa kwetu anataga mayai.

Jackson mwenyewe ana aina ndogo tatu, na anayekuonyesha tofauti ni jike. Ile ya jacksonii, jike mara mingi naye ana pembe. Ile ya merumontanus, ndogo kuliko zote, ya mulima Meru, jike ana pembe moja tu kwa pua. Ile ya xantholophus, kubwa kuliko zote, ya mulima Kenya, jike karibu hana kitu. Hii ya mwisho ilipelekwa Hawaii mwaka wa 1972 kwa biashara. Leo inaishi porini kule.

Hana pembe, lakini nyuma ya kichwa kuko vipande viwili vya ngozi kama masikio? Huyo ni Chamaeleo dilepis. Aina yake moja ndogo inaitwa idjwiensis, jina ililopewa mwaka wa 1942 juu ya kisiwa chetu cha Idjwi. Wataalamu wanapima ukubwa wa yale masikio, tena wanauliza nyama alitoka wapi. Rangi isikudanganye: inageuka kwa baridi, kwa woga, kwa hasira.

Sasa, mambo ya kumufuga. Wa mulimani anataka baridi ya usiku na hewa inayopita. Ukimufungia chumbani kwenye joto ya kupita digrii 30, unamuua. Dilepis anavumilia jua zaidi, lakini naye anataka kivuli cha kukimbilia. Wote wawili hawajui kunywa kwa sahani: nyunyizia majani mayi asubuhi na jioni, watalamba matone. Uwape panzi, nzi na mende wadogo, na mara moja moja upake wale wadudu unga wa maganda ya mayai, ili mifupa isilegee. Kila mumoja akae peke yake. Wawili pamoja ni vita.

Ukiona jike wa dilepis ama johnstoni tumbo limejaa, anashuka chini kuchimba-chimba, usimurudishe juu ya tawi. Anatafuta udongo wa kutagia. Akiukosa, mayai yanabaki ndani na yanamuua. Muwekee ndoo ya udongo laini wenye unyevu kidogo. Kama hauna, murudishe leo leo pale ulimutosha.

Tena kumbuka: hawa wote wako katika orodha ya pili ya CITES. Kumupitisha mupaka bila karatasi ya ruhusa ni kosa mbele ya sheria.

Kwa hiyo siku unamuokota, andika mahali: kilima gani, muti gani. Hiyo itakusaidia kujua kabila yake. Na siku utaona kazi imekushinda, utajua njia ya kumurudisha kwao.