Mzizi Hufuata Mbegu, Lakini Mkono Huupotosha

Apitaye leo katika vilima vya Karagwe na Kyerwa huona mashamba ya misonobari, au mipaini kama waitavyo wengi. Asili yake si huku: Pinus patula, upandwao sana Tanzania, ulitoka Mexico. Watu huipanda wapate mbao na karo za watoto.

Sisi nasi tuliipanda kando ya madrasa yetu, tukitaraji mbao za kupaulia. Miche ilikuwa imekawia mno katika viriba, hata mizizi imejizungusha kama kamba. Tukaipanda vivyo hivyo. Miaka kadhaa ilistawi na kupendeza. Kisha upepo wa vuli ukaiangusha mingi usiku mmoja. Tuliilaumu mbegu. Tulipofukua, tukakuta mzizi mkuu umepinda kama ndoana. Kumbe kosa lilikuwa letu.

Hapo tukataka kujua: ni nini kiuamrishacho mzizi? Ni vinasaba, yaani maagizo ya urithi yaliyomo ndani ya mti. Mbegu ya msonobari ichipuapo, hutoa kwanza mzizi mmoja ushukao wima, ndipo mizizi ya kando hufuata. Mche haufundishwi hayo, umezaliwa nayo.

Lakini kuwa na agizo si kulitekeleza. Sisi wakulima wa migomba twajua kwamba chipukizi humfuata mama yake. Msonobari nao hupandika kwa kipandikizi, ila kwa sharti: kikikatwa katika mti mchanga huota mizizi, na kikikatwa katika mti mzima aghalabu hukataa. Mwaka 2007 wataalamu wa Hispania walieleza habari za msonobari uitwao Pinus radiata. Walivitia vipandikizi dawa ya kuotesha mizizi, iitwayo oksini. Katika vile vyenye uwezo wa kuota, kinasaba kimoja kilizidisha kazi yake siku ya kwanza, kabla mzizi wo wote haujaonekana. Katika visivyo na uwezo hakikufanya hivyo. Kinasaba kilikuwamo kotekote, ila pengine kiliitika na pengine kilinyamaza.

Basi mafunzo ni mawili. Kwanza, mbegu ichumwe katika miti iliyonyoka na yenye afya, kwani mtoto hurithi. Pili, urithi mwema hauzuii uharibifu wa mkono. Mche usikawizwe kiribani. Mizizi iliyojizungusha ikatwe kwa kisu kikali. Shimo liwe refu, mzizi usikunjwe. Na kitaluni utiwe udongo kidogo wa chini ya misonobari ya zamani, maana una kuvu waisaidiao mizizi kupata chakula ardhini.

Wazee walisema: udongo uwahi ungali maji. Tumepanda upya, safari hii kila shimo tukilikagua wenyewe. Watoto wetu wangali wakisoma chini ya paa lile kuukuu, nasi tunangoja. Mwenzetu mwenye miche kiribani leo, na aikague mizizi yake kabla ya mvua.