Uhuru Park: Usiiachie serikali ya kaunti pekee

Msomaji, ukiwa mkazi wa Nairobi bila shaka kwenu mna picha iliyopigwa Uhuru Park. Pengine ni ya Krismasi, familia nzima imejipanga kando ya ziwa na nguo mpya.

Bustani hiyo ilifunguliwa na Mzee Jomo Kenyatta mwaka wa 1969. Mnamo 1989 nusura ijengwe jumba la orofa 60. Wangari Maathai alipinga, akakejeliwa hata Bungeni, lakini mwishowe mradi huo ukatupiliwa mbali. Mwaka wa 1992 kina mama wa wafungwa wa kisiasa walisusia chakula papo hapo, kwenye kona iitwayo Freedom Corner. Agosti 27, 2010, Katiba mpya ikazinduliwa humo.

Miaka ilivyosonga bustani ilichakaa, na mnamo 2021 ikafungwa ili ikarabatiwe. Ukarabati ni jambo jema. Vyoo safi, taa na bembea za watoto vinahitajika. Lakini bustani haipimwi kwa saruji. Jiulize: mti mkongwe ukikatwa, kivuli chake kitarejea lini? Na mzazi aliyetoka Kibera kwa miguu na watoto watatu, ataketi nyasini bila kudaiwa pesa?

Basi ukienda, okota takataka zako. Wapeleke wanao Freedom Corner, uwasimulie yaliyotokea. Na ukiona mti unaangushwa au ua mpya unajengwa, uliza. Mali ya umma ikikosa wa kuisemea, huwa ya mwenye nguvu.