Kushuka Mlima kwa Mbio: Hatari kwa Misuli na Figo

Mbio za milimani zimejipatia wapenzi wengi duniani, na Tanzania ina nafasi ya heshima katika historia yake kwa sababu ya Kilimanjaro, mlima wenye kimo cha mita 5,895. Mwaka 2006 Mtanzania Simon Mtuy aliupanda na kuushuka kwa saa 9 na dakika 21, akijibebea mwenyewe chakula na maji. Mwaka 2014 Karl Egloff, mwanariadha wa Ekwado na Uswisi, alitumia saa 6 na dakika 42. Kati ya muda huo, kupanda kulichukua saa 4 na dakika 56, na kushuka hakukufika hata saa 2. Watu wengi hustaajabia upandaji. Kitabibu, hata hivyo, ni katika kushuka ndimo misuli inamoumia zaidi.

Jambo hili halihusu mabingwa pekee. Mkazi wa Nanyala, wilayani Mbozi katika Mkoa wa Songwe, anayeiacha barabara kuu ya Mbeya na Tunduma alfajiri, akapanda njia za vilimani na kurejea nyumbani kwa mzunguko, hana budi kushuka kila mita aliyoipanda. Vivyo hivyo kwa mkulima anayeteremka na mzigo begani. Makala haya yanaeleza kinachotokea mwilini wakati huo, kwa nini vidonge vya maumivu vinaweza kuongeza madhara, na dalili ipi haipaswi kusubiri.

Msuli unaovutwa huku umekaza

Tunapopanda, misuli ya mbele ya paja hujikunja na kufupika ili kuuinua mwili. Moyo huenda mbio na pumzi huwa fupi, lakini nyuzi za misuli hazichaniki sana. Tunaposhuka, misuli hiyohiyo hufanya kazi ya breki: hukaza ili goti lisikunjike ghafla, na papo hapo uzito wa mwili huivuta irefuke. Mvuto huo ndio unaochana nyuzi zake. Kwa kuwa kushuka hakuleti kuhema sana, mkimbiaji hudhani anapumzika, akaongeza mwendo.

Maumivu hayaji siku ileile. Huanza kesho yake, na kwa kawaida huwa makali kati ya saa 24 na 72 baada ya mbio. Mtu hushindwa kushuka ngazi au kuchuchumaa. Kwa wengi hali hii huisha yenyewe ndani ya siku chache na haihitaji tiba zaidi ya mapumziko, maji ya kutosha na kutembea polepole.

Kwa wachache, uharibifu huwa mkubwa mno. Misuli iliyovunjika humwaga katika damu protini iitwayo mayoglobini pamoja na madini ya potasiamu. Mayoglobini ikizidi huziba na kudhuru mirija myembamba ya figo, na mkojo hugeuka rangi ya kahawa. Potasiamu ikizidi huvuruga mapigo ya moyo, na inaweza kuua.

Vidonge vya maumivu

Maumivu ya misuli humpeleka mtu kwenye Duka la Dawa Muhimu kuomba diklofenaki au ibuprofeni. Wapo pia wanaomeza dawa hizo kabla ya mbio ili wasisikie maumivu njiani. Tatizo ni kwamba mwili uliopungukiwa na maji hutegemea kemikali maalumu zinazoiweka wazi mishipa ya damu inayoingia kwenye figo. Dawa hizi huzuia utengenezaji wa kemikali hizo. Figo hukosa damu ya kutosha wakati uleule zinapopaswa kuchuja mabaki ya misuli.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 uliwahusisha wakimbiaji 89 wa mbio ndefu za kilomita 80. Dalili za figo kuathirika kwa ghafla zilionekana kwa asilimia 52 ya waliopewa ibuprofeni na asilimia 34 ya waliopewa kidonge kisicho na dawa. Idadi ya washiriki ilikuwa ndogo, lakini inatosha kutuonya. Anayehitaji nafuu baada ya mbio atumie parasetamoli kwa kipimo sahihi, naye asimeze dawa yoyote ya maumivu ili tu aweze kuendelea kukimbia.

Wanaobeba kinasaba kimoja cha selimundu wana sababu ya ziada ya kuwa waangalifu. Utafiti wa mwaka 2016 miongoni mwa wanajeshi weusi wa Marekani wapatao 48,000 ulionyesha kuwa hatari ya misuli kuvunjika kwa wabebaji ilikuwa juu kwa asilimia 54. Hawakatazwi mazoezi. Wanashauriwa kuanza taratibu, kupumzika mara kwa mara, na kuacha mara moja wanapohisi misuli kukakamaa au kuishiwa nguvu.

Kwa wahudumu wa afya

Mgonjwa akija na maumivu makali ya mapaja, ulizeni mambo matatu: alifanya kazi au mazoezi gani katika siku tatu zilizopita, amemeza dawa gani, na mkojo wake una rangi gani. Msimchome sindano ya diklofenaki kabla ya kupata majibu hayo.

Kijiti cha kupimia mkojo kikionyesha damu ilhali hadubini haionyeshi chembe nyekundu, shukuni mayoglobini. Pimeni malaria pia, kwani nayo inaweza kuufanya mkojo uwe mweusi. Lakini kipimo chanya cha malaria hakiondoi uwezekano wa misuli kuvunjika. Kwa mtu mzima asiye na ugonjwa wa moyo na ambaye bado anakojoa, anzeni maji ya chumvi ya asilimia 0.9 kwa njia ya mshipa, lita ya kwanza ndani ya saa moja. Andikeni kiasi cha mkojo, kisha mpeni rufaa ya haraka kwenye hospitali yenye uwezo wa kupima potasiamu na utendaji wa figo.

Kwa wakimbiaji

Kinga iliyo bora haiuzwi dukani. Misuli iliyowahi kushuka mteremko mdogo hujijenga upya na kustahimili zaidi, na ulinzi huo hudumu kwa wiki kadhaa. Kwa hiyo, wiki tatu au nne kabla ya mbio, anza kushuka kilima kifupi kwa mwendo wa kutembea, kisha ongeza urefu na kasi kidogo kidogo. Siku ya mbio, piga hatua fupi na usinyooshe goti kabisa. Kunywa maji unapohisi kiu; kunywa kupita kiasi nako kuna hatari, kwa kuwa hupunguza chumvi katika damu. Usikimbie ukiwa na homa.

Ukiona mkojo wa rangi ya kahawa, mkojo ukipungua sana, paja likivimba na kuwa gumu, au akili ikichanganyikiwa, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Figo zinazowahiwa kwa maji mara nyingi hupona kabisa. Zikicheleweshwa, mgonjwa anaweza kuhitaji kusafishwa damu kwa mashine.