Ukishuka Got Asego, Usikimbilie Ziwani

Likizo ya Agosti ikifika na watoto wakichoka kuona kuta za nyumba, mzazi wa Homa Bay huhitaji kufunga safari ndefu. Got Asego, kile kilima chenye ncha kinachousimamia mji, kiko pale pale mlangoni. Panda mapema kabla jua halijawa kali. Mwinuko si mchezo, basi mwendo uwe wa yule mdogo kuliko wote, na kila mmoja abebe maji yake ya kunywa. Huko juu utaona mji wote, na Ghuba ya Winam ikimeta mbele yako.

Matata huanza mkishuka. Imefika saa tano, watoto wametota jasho, na ziwa wameliona. Nani atawazuia?

Hapo ndipo kichocho kinapowasubiri. Konokono wadogo waishio penye majani ya ufukweni hutoa vijidudu visivyoonekana kwa macho, navyo hutoka kwa wingi jua linapowaka, yaani saa ile ile ya kuogelea. Hupenya ngozi kwa dakika chache. Si lazima mtu ameze maji wala awe na kidonda, na kujifuta kwa taulo si kinga ya kutegemea.

Wengi hudhani kichocho ni kukojoa damu tu. Aina iliyoenea sana kando ya Ziwa Victoria hukaa katika mishipa ya damu ya matumbo, na mayai yake huharibu ini. Mtoto huumwa tumbo, huharisha, pengine kwa damu, kisha hudhoofika. Mzazi humnunulia dawa ya minyoo ya kawaida, ambayo hapa haifui dafu. Ugonjwa ukiachwa miaka mingi, tumbo huvimba na mtu aweza kutapika damu.

Tiba ipo: prazikwanteli, inayopimwa kwa uzito, kwa kawaida miligramu 40 kwa kila kilo. Lakini dawa hii huua minyoo waliokomaa, wachanga huponyoka. Ukimkimbiza mtoto kliniki kesho yake, waweza kurudi ukidhani mambo yamekwisha. Mweleze daktari siku aliyoingia majini, na choo kipimwe wiki sita hadi nane baadaye. Homa na kikohozi vikija kabla ya hapo, apimwe malaria, ila usisahau kulitaja ziwa.

Nyumbani, maji ya ziwa yaliyokaa siku mbili katika chombo safi chenye kifuniko yafaa kuogea, kwani vijidudu hivyo huwa vimekufa. Ya kunywa yachemshwe.

Nanyi wa Migori mnaye Thimlich Ohinga, ngome ya mawe iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2018. Ni matembezi mazuri, na hakuna ziwa la kuwashawishi watoto. Hata hivyo, vidimbwi na vijito vya njiani navyo vyaweza kuwa na konokono.

Mtoto akililia ziwa, mpandisheni mashua, mradi asishuke majini kuisukuma.