Boma Lililoachwa Kasanga

Mtu atokaye Kizwite, akiteremka uwanda wa juu wa Ufipa mpaka Ziwa Tanganyika, hufika Kasanga. Pale rasini pana magofu ya boma la Wadachi, walilolipa jina la Bismarckburg. Kwa nini boma imara hivi liliachwa?

Mwezi wa Juni 1916, katika Vita Vikuu vya Kwanza, majeshi ya Waingereza yalilizingira kwa upande wa nchi kavu. Manowari zao nazo zilikuja ziwani. Lakini mkuu wao, Spicer-Simson, alipoiona mizinga ya boma alichelea kupigwa, akarudi. Basi njia ya maji ikabaki wazi, na usiku Wadachi na askari wao wakatoroka kwa vyombo. Waingereza walipoingia tarehe 8 Juni, yasemekana waliikuta mizinga ile ni magogo tu.

Lakini tusicheke tukasahau. Askari wengi wa pande zote mbili walikuwa Waafrika, na mizigo ya vita ilichukuliwa na wapagazi. Maelfu walikufa kwa maradhi na uchovu, na majina ya wengi hayakuandikwa popote. Basi uyaonapo mawe yale, usiyang'oe. Ni ukumbusho wao.