Je, Wajua? Nyuma ya Kitufe Unachobofya

Ni nadra aliyeandika programu kuchora mwenyewe kila kitufe, menyu na kisanduku cha tiki. Vingi huchotwa kutoka maktaba ya vijenzi iliyokwisha tengenezwa, na maktaba nyingi za aina hiyo ni huria: unapakua msimbo wake, unaujenga na kuusakinisha kwa mikono yako. Humo ndani mna mambo ya ajabu tele.

GTK ilizaliwa kwa kutoridhika

Mwaka 1995 wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Peter Mattis na Spencer Kimball, walianza kuunda GIMP, programu ya kuhariri picha. Vitufe vyake vya kwanza vilitoka Motif, maktaba iliyokuwa ikiuzwa, hivyo aliyetaka kuijenga GIMP nyumbani ilimbidi awe na Motif kwanza. Mattis hakuridhika nayo, akaandika maktaba yake, GTK. Kazi hiyo ya pembeni ndiyo leo inayoibeba GNOME, mazingira yanayompokea mtumiaji wa Linux za Ubuntu na Fedora akiwasha mashine.

Mzazi aliachwa nyuma na mwanawe

GTK 3 ilitoka Februari 2011. GIMP, iliyoizaa GTK, ilihamia toleo hilo Machi 2025, ilipotoka GIMP 3.0. Miaka 14! Wakati huo GTK 4 ilikuwa hewani tangu Desemba 2020. Kubadili maktaba ya vitufe katika programu kubwa ni kugusa karibu kila dirisha lake, na wanaoifanya kazi hiyo ni wachache, wengi wao wa kujitolea.

Kuna skripti inayoandika programu ili izifute

Kwa miaka mingi, amri ya kwanza ya kujenga GTK ilikuwa `./configure`. Ukiiandika, skrini inajaa maswali na majibu: kompaila ipo? Inafanya kazi? Maktaba ya fonti je? Ajabu ni jinsi majibu yanavyopatikana. Skripti haikisii. Inaandika programu ndogo sana kwenye faili liitwalo `conftest.c`, inaijaribu kwenye kompaila, inatazama kama imepita, kisha inaifuta na kuandika nyingine. Ni kama mpishi mgeni anayewasha kila jiko kidogo kabla ya kubandika chungu. Fundi anayetaka kujua ni jaribio lipi lililokwama hufungua `config.log`, kila kitu kimeandikwa humo.

Jaribio ninalolipenda kuliko yote ni lile la kupima kama mazingira ya ujenzi yana akili timamu. Skripti inaunda faili jipya, kisha inauliza: je, ni jipya kuliko mafaili yaliyopakuliwa? Kompyuta ambayo betri yake ya saa imekufa, ikarudi kwenye tarehe ya miaka ya nyuma, itashindwa hapo hapo, na itaambiwa ikakague saa yake. Mfumo huu wa maswali ulianzishwa na David MacKenzie mwaka 1991, kwa jina la Autoconf. GTK 4 sasa inajengwa kwa Meson, kazi ya Mfini Jussi Pakkanen.

Watu kumi na wawili waliamua hatima ya kitufe cha Tab

Programu ya `make`, inayoongoza ujenzi baada ya `configure`, iliandikwa na Stuart Feldman katika Bell Labs mwaka 1976. Ndani ya faili lake, kila mstari wa amri lazima uanze na Tab. Ukiweka nafasi nane zinazoonekana sawasawa kabisa kwa macho, `make` inagoma. Feldman aliliona tatizo hilo mapema. Lakini tayari alikuwa na watumiaji kama kumi na wawili, wengi wao marafiki, na hakutaka kuwaharibia kazi. Mamilioni ya waandishi wa programu wameirithi Tab hiyo.

Maktaba inaweza kuwepo na isionekane

Umemaliza `make install`, faili liko `/usr/local/lib`, unaliona. Unafungua programu, nayo inasema maktaba haipo! Linux haizunguki diski nzima kuitafuta. Inasoma orodha iliyotayarishwa mapema. Amri moja, `ldconfig`, inaisasisha orodha.

Dirisha zima kwa kilobaiti 114

Waundaji wa FLTK, maktaba nyingine ya vijenzi, walipima programu yao ndogo ya salamu, maktaba ikiwa imeunganishwa ndani yake, kwenye kompyuta ya 486: kilobaiti 114. Picha moja ya kamera ya simu yako huenda ikazidi mara kumi.

Qt ilianzia kwenye benchi

Kiangazi cha 1990, Wanorwe Haavard Nord na Eirik Chambe-Eng walikuwa wakiunda hifadhidata ya picha za ultrasound iliyotakiwa kufanya kazi kwenye Unix, Macintosh na Windows. Wakiwa wamekaa kwenye benchi nje juani, waliona wanahitaji maktaba moja kwa mifumo yote, nayo ikawa Qt. Ukifungua VLC utazame filamu kwenye Windows au Linux, vitufe vyake vinatoka Qt.

GTK inajua kugeuka

Lugha ya mtumiaji ikiwa Kiarabu, dirisha zima linageuka: menyu inaanzia kulia, na kila herufi inachukua umbo la mwanzo, katikati au mwisho wa neno. Kazi ya maandishi hufanywa na maktaba za Pango na HarfBuzz. Tenzi za Kiswahili ziliandikwa kwa hati ya Kiarabu kwa karne nyingi, kwa hiyo mtafiti anayezinakili leo anaweza kuziandika kwenye kihariri cha kawaida cha GNOME.

Kitufe kinaweza kupasuliwa kikiwa hai

Andika `GTK_DEBUG=interactive` mbele ya jina la programu ya GTK, na dirisha la pili linafunguka. Bofya kitufe chochote, uone kimewekwa ndani ya nini na kina upana gani. Kwa kuwa GTK hutumia CSS kama kurasa za intaneti, unaweza kubadili rangi yake na kuviringisha kona zake papo hapo, programu ikiendelea kufanya kazi. Ukipendezwa na matokeo, yaweke kwenye `~/.config/gtk-4.0/gtk.css`.